Je, Tukimnyima Mgonjwa Sukari, Saratani Itakufa Njaa?

Barua za mwezi huu zimekuja kutoka pande mbalimbali, lakini zote zinagusa jambo moja: namna seli ya mwili inavyoamua ifanye nini na chakula inachokipata, na namna uamuzi huo unavyobadilika mtu anapokuwa mzima na anapougua. Nimechagua barua tano, na baadhi nimezifupisha.

Shikamoo Daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 61, ana saratani ya titi, na ameshapata dripu tatu za dawa. Shangazi alitumiwa ujumbe kwenye simu unaosema kwamba chakula cha seli za saratani ni sukari peke yake, na kwamba mwanasayansi wa Ujerumani alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua hilo. Tangu hapo tumemwondolea mama chai ya sukari, ugali, wali, ndizi na hata embe. Asubuhi anakunywa maji ya majani ya mstafeli, na jioni anakunywa maji ya limau yenye magadi soda ili damu isiwe na asidi. Amekonda, na juzi kliniki walimpima wakakuta amepungua kilo 7. Je, tunamsaidia au tunamuumiza? Msomaji, Tanga.

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nitatanguliza jibu, maelezo yafuate: mrudishieni mama ugali wake leo hii, pamoja na samaki, maharage, mayai na mboga, kisha mwelezeni daktari wake habari ya hizo kilo 7 na ya kila kinywaji anachopewa nyumbani. Mgonjwa anayepungua kwa kasi hiyo huvumilia dawa kwa shida, na mara nyingine daktari hulazimika kupunguza dozi au kuahirisha dripu kwa kuwa mwili hauna akiba.

Ujumbe aliotumiwa shangazi una kweli ndani yake, na ndiyo sababu unaaminika. Mwanasayansi anayetajwa ni Otto Warburg, aliyefanya kazi Berlin. Katika miaka ya 1920 alikata vipande vyembamba vya uvimbe wa panya, akaviweka ndani ya vichupa vyenye maji ya glukosi, yaani sukari ile iliyomo kwenye damu, na oksijeni ya kutosha, akapima kinachoingia na kinachotoka. Vipande hivyo vilimeza glukosi kwa wingi na kuigeuza kuwa asidi laktiki, ile ile inayoyatia maziwa uchachu yanapokuwa mtindi. Tishu nyingi za mwili hufanya hivyo zinapokosa oksijeni, lakini uvimbe ulifanya hivyo oksijeni ikiwapo. Tuzo ya Nobel aliipata kweli, mwaka 1931, ila alipewa kwa utafiti wake juu ya kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kemikali, kinachoiwezesha seli kutumia oksijeni. Hapo ujumbe umechanganya habari.

Jaribio ninalolipenda zaidi katika kisa hiki lilifanyika mwaka 1925 mjini Buffalo, Marekani. Carl Cori na mkewe Gerty walimchukua kuku mwenye uvimbe kwenye bawa moja, wakatoa damu kwenye mshipa wa bawa hilo na kwenye mshipa wa bawa lisilo na uvimbe, wakalinganisha. Damu iliyotoka kwenye bawa lenye uvimbe ilikuwa na sukari pungufu na asidi laktiki zaidi. Kwa hiyo hata ndani ya mwili ulio hai, uvimbe huo ulikuwa unakula sukari kuliko jirani zake.

Kosa la ujumbe liko kwenye hatua inayofuata, pale unapodai kwamba sukari ikiondolewa kwenye sahani itakuwa imeondoka kwenye damu. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya ina glukosi ya gramu 5 hivi, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na mwili hulinda kijiko hicho kwa wivu mkubwa kwa sababu ubongo peke yake huhitaji gramu zipatazo 120 kwa siku. Chakula cha wanga kikikosekana, ini huanza kutengeneza glukosi kutokana na vitu vingine, na mojawapo ya vitu hivyo ni protini ya misuli. Uvimbe unaendelea kula kama kawaida, na kinacholiwa ni mapaja ya mama yako. Zaidi ya hayo, asidi laktiki inayotemwa na uvimbe hurudi kwenye ini na kugeuzwa tena kuwa glukosi, kazi inayoligharimu ini nishati mara 3 ya ile uvimbe uliyoipata. Mzunguko huo, unaoitwa kwa jina la akina Cori, ni sababu mojawapo ya wagonjwa wa saratani kukonda hata wanapojitahidi kula. Tena sukari siyo chakula pekee cha seli za saratani: nyingi hutumia pia glutamini, ambayo ni asidi amino (tofali la kujengea protini) iliyojaa kwenye damu, na nyingine hutumia mafuta.

Kuhusu magadi soda, asidi iliyopo kuzunguka uvimbe hutoka kwenye uvimbe wenyewe na haihusiani na limau wala chakula. Uasidi wa damu hushikiliwa na mapafu na figo kati ya pH 7.35 na 7.45, na magadi yanayonywewa huishia kumpa mgonjwa gesi tumboni na chumvi ya ziada. Majani ya mstafeli yameua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, lakini hakuna jaribio kwa wagonjwa lililoonyesha kwamba yanaponya, na mmea huo una kemikali inayodhuru seli za neva. Ningeyaacha.

Kuna mahali ambapo shangazi angekuwa na hoja. Soda na juisi za sukari zinazonywewa kila siku kwa miaka huleta unene, unene hupandisha insulini, na insulini ni homoni inayoziambia seli zikue. Unene unahusishwa na aina zaidi ya 10 za saratani, ikiwamo ya titi kwa wanawake waliokoma hedhi. Hiyo ni sababu ya mtu mwenye afya kupunguza soda. Vilevile baadhi ya dripu za saratani huambatana na dawa ya deksamethasoni inayopandisha sukari kwenye damu, kwa hiyo mama akiwa na kisukari, mpango wa chakula upangwe na hospitali.

Assalaam aleikum. Nimesikia kwamba Mjapani alipata Nobel mwaka 2016 kwa kuthibitisha kuwa kufunga kunaua saratani. Je, saumu ya Ramadhani inatosha? Msomaji, Lamu.

Waaleikum salaam. Yoshinori Ohsumi alipata tuzo hiyo kwa kazi aliyoifanya juu ya hamira. Aliinyima chakula, akaona kwa darubini jinsi seli zake zinavyokusanya vipande vyao vilivyochakaa na kuvisaga ili vitumike upya, kisha akatafuta jeni zinazoongoza kazi hiyo. Hakutibu mgonjwa wa saratani hata mmoja, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba uwezo huo huo wa kujisaga unaweza kuisaidia seli ya saratani kustahimili njaa.

Saumu ya huku kwetu ni saa 13 au 14. Kwa sehemu kubwa ya muda huo ini linatoa glukosi iliyowekwa akiba, kama gramu 100 hivi, na kuelekea magharibi mwili unazidi kuegemea mafuta. Ubongo kuegemea ketoni, yaani kemikali zinazotokana na mafuta hayo, huhitaji siku kadhaa bila chakula. Mwenye afya afunge kwa ajili ya ibada. Mgonjwa aliye kwenye matibabu ameshapewa ruhusa ya kutofunga na dini yenyewe.

Mwalimu ametufundisha kwamba glukosi moja ikitumika pamoja na oksijeni kwenye mitokondria, yaani majiko ya seli, hutoa ATP (vifurushi vya nishati) zipatazo 30, na ikichachushwa tu, bila kutumia oksijeni, hutoa 2. Kwa nini basi seli inayokua upesi ichague njia ya hasara? Warburg alisema mitokondria zimeharibika. Ni kweli? Mwanafunzi wa kidato cha nne, Eldoret.

Umeuliza swali lililowasumbua watu kwa miongo mingi. Maelezo ya Warburg kwamba mitokondria za saratani zimeharibika hayakuthibitika: katika saratani nyingi mitokondria hufanya kazi, na seli huzihitaji. Hasara unayoiona inatokana na kuhesabu ATP peke yake.

Fikiria fundi aliyeletewa lori la mbao. Akizitia zote jikoni atapata moto mkubwa, lakini hatapata paa. Seli inayotaka kugawanyika ina haja ya nishati, na ina haja kubwa zaidi ya vifaa: mafuta ya kutengenezea utando, sukari maalumu ya kujengea DNA, asidi amino za protini. Vifaa hivyo vinahitaji kaboni, na kaboni ya glukosi ikiunguzwa yote huishia hewani kama kaboni dioksidi. Kwa hiyo seli hupitisha glukosi kwa kasi kwenye hatua za mwanzo, huchepusha sehemu kwenda kwenye ujenzi, na hutema mabaki kama asidi laktiki. ATP 2 kwa kila glukosi ni kidogo, lakini glukosi zikipita kwa kasi na zikiwa tele, hesabu ya jumla haiwi mbaya.

Aliyewahi kukaa Pwani ameliona jambo la namna hii ndani ya kibuyu cha mgema. Tembo la mnazi likiteremshwa asubuhi ni tamu, na kufikia jioni limekuwa kali, ingawa kibuyu kina mdomo wazi na hewa inaingia. Hamira haikukosa oksijeni. Ilikuta sukari nyingi, ikachacha na kuzaana kwa pupa. Sukari inapokwisha na hewa ikiwapo, hamira hiyo hiyo hugeuka na kuanza kuunguza kileo ilichokitengeneza.

Mwili wako nao hufanya hivyo bila saratani yoyote. Seli T za kinga zinapopumzika ni ndogo na hutumia chakula kwa uangalifu, sehemu kubwa kupitia mitokondria. Zikikutana na kijidudu zinachokitambua, ndani ya siku moja hufungua milango mingi ya glukosi kwenye utando wao, hunenepa na kuanza kugawanyika mara kadhaa kwa siku, huku zikitema asidi laktiki kama uvimbe wa Warburg. Vita ikiisha nyingi hufa, na chache zinazobaki kama kumbukumbu hurudi kwenye mitokondria na mafuta. Ndiyo maana kipimo cha PET, ambacho humpa mgonjwa glukosi yenye mionzi hafifu ili kuona ni wapi inapokusanyika, huonyesha mwanga kwenye saratani na pia kwenye kifua kikuu, kwa sababu seli za kinga zilizozingira bakteria hao nazo zina njaa ya glukosi. Katika nchi zetu zenye TB nyingi, daktari anayesoma picha hiyo hulazimika kuwa mwangalifu, na mara nyingi kipande cha nyama hukatwa kwenda maabara kabla ya kutamka neno saratani. Kwa taarifa yako, mionzi ya glukosi hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 110, kwa hiyo haiwezi kukaa stoo. Hutengenezwa na kutumika siku hiyo hiyo.

Na kwa kuwa unaishi Eldoret, panda kidogo hadi Iten, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, ambako wanariadha hufanyia mazoezi. Hewa ni nyepesi, na seli hulijua hilo kupitia protini inayoitwa HIF. Oksijeni ikiwa ya kutosha, protini nyingine iitwayo VHL huikamata HIF na kuipeleka ikasagwe, kwa hiyo HIF huzaliwa na kufa kila wakati. Oksijeni ikipungua, HIF hubaki hai, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni: za milango ya glukosi, za vimeng'enya vya kuchachusha, za mishipa mipya ya damu, na ile ya homoni inayoongeza seli nyekundu za damu. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kufumbua utaratibu huo. Sasa tazama: katika saratani nyingi za figo jeni ya VHL imeharibika. HIF haikamatwi tena, na seli hizo huishi kama ziko juu ya mlima hata mgonjwa akiwa Mombasa ufukweni. Swichi inayomsaidia mwanariadha ndiyo iliyokwama kwa mgonjwa. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa ya belzutifani, inayoizuia HIF ya aina ya 2, kwa watu waliorithi hitilafu hiyo ya VHL.

Ndugu Daktari, mimi ni muuguzi wa kituo cha afya. Tulimpokea mtoto wa miaka 3 mwenye malaria kali, anapumua kwa nguvu na kwa kina, lakini mapafu yake hayakuwa na kasoro. Sukari ilikuwa 1.9. Alipewa dekstrozi (maji ya glukosi), artesuneti (dawa ya malaria) na damu, akapona. Nimeelezwa kwamba ni kawaida, lakini sijaelezwa kwa nini. Msomaji, Kigoma.

Hongereni kwa kupima sukari; hapo ndipo watoto wengi hupotea. Kipimo cha chini ya 2.2 mmol/L ni dalili mojawapo ya malaria kali.

Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya seli nyekundu huishi karibu kabisa kwa kuchachusha glukosi, na seli iliyoambukizwa hutumia glukosi makumi ya mara kuliko seli isiyoambukizwa, kisha hutema asidi laktiki. Lakini usimlaumu kimelea peke yake. Seli zilizoambukizwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo na kuziba njia, damu yenyewe imepungua, kwa hiyo tishu za mtoto zinakosa oksijeni na kulazimika kuchachusha nazo. Mtoto hajala tangu jana, anatapika, akiba ya ini lake ni ndogo, na ini lenye malaria kali hushindwa kutengeneza glukosi mpya na kuondoa asidi laktiki kwa kasi inayotakiwa. Asidi inapojaa kwenye damu, mwili hujaribu kuitoa kwa njia ya mapafu kwa kupumua kwa kina ili kaboni dioksidi itoke. Kupumua kule mlikokuona kulikuwa kunatokana na damu yenye asidi. Watafiti wa Kilifi, katika ripoti yao ya mwaka 1995 kuhusu watoto waliolazwa kwa malaria, walionyesha kwamba kupumua kwa shida na kupotewa na fahamu ndizo dalili zinazomtambulisha vizuri mtoto aliye hatarini.

Kwinini, dawa iliyotumika kabla ya artesuneti, iliongeza tatizo la sukari kushuka kwa kuwa huichochea kongosho kutoa insulini. Jaribio kubwa lililofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2010, lilionyesha kwamba artesuneti ya sindano ilipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini, na watoto walioshuka sukari baada ya kuanza matibabu walikuwa wachache zaidi.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa ni la ajabu: kimelea hicho kinapojiandaa kuhamia kwa mbu, ambako glukosi si tele kama kwenye damu ya mtu, huzitegemea zaidi mitokondria zake. Nacho hubadili upishi kulingana na nyumba.

Mtoto wa kaka yangu alipata uvimbe wa taya, wakasema ni saratani iitwayo Burkitt. Ulikua mkubwa ndani ya wiki mbili, na baada ya dawa ukayeyuka ndani ya siku chache. Walimpa maji mengi sana ya mshipa, na kila mara walipima kitu kinaitwa LDH. Kwa nini? Je, zipo dawa zinazoinyima saratani chakula? Msomaji, Kampala.

Ugonjwa huo una historia yake hapo hapo kwenu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliueleza mwaka 1958 akiwa hospitali ya Mulago. Baadaye ilijulikana kwamba katika seli za uvimbe huo jeni iitwayo MYC imehama mahali pake kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 8 na kupachikwa, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14, karibu na jeni za kingamwili ambazo seli hiyo huziwasha mchana na usiku. MYC ndiyo inayoamuru seli ikue: hufungua milango ya glukosi na glutamini na kuongeza vimeng'enya vya kuchachusha. Ikiwashwa bila kuzimwa, uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. LDH ni kimeng'enya kinachoshughulika na asidi laktiki; seli nyingi zinapokua na kufa kwa kasi huvuja kwenye damu, kwa hiyo kipimo chake huwapa madaktari picha ya wingi wa uvimbe.

Kasi hiyo ndiyo udhaifu wake, kwani seli inayojenga mfululizo haiwezi kukosa vifaa hata kwa siku moja. Methotreksati, mojawapo ya dawa za zamani za ugonjwa huu, huzuia matumizi ya vitamini ya foleti, na bila foleti matofali ya DNA hayapatikani. Uvimbe unapopasuka kwa haraka humwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu, na maji mengi aliyopewa mtoto yalikuwa ya kulinda figo zake.

Swali lako la mwisho lina jibu zuri katika saratani ya damu ya watoto. Mwaka 1953 John Kidd wa New York aliona kwamba majimaji ya damu ya simbilisi, wanyama wadogo wanaofugwa kwenye maabara, yaliua aina fulani ya saratani kwa panya. Ilikuja kugunduliwa kwamba kazi hiyo ilifanywa na kimeng'enya cha asparajinesi, kinachoharibu asidi amino iitwayo asparajini. Seli za kawaida hujitengenezea asparajini, lakini seli nyingi za saratani hiyo ya damu hazimudu, hutegemea iliyomo kwenye damu. Mtoto akidungwa dawa hiyo, seli hizo hukosa kitu kimoja tu na kufa, huku yeye akiendelea kunywa uji na kula matoke. Mzazi aangalie tumbo: likimuuma sana mtoto arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuvimbisha kongosho.